UZI: Kabla hujatupa CD yenye mikwaruzo, igeuze kwanza uangalie upande wa juu

#1 Mwenye uzi

Wakuu, salaam.

Kuna jambo naliona kila mara watu wanaposafisha makabati. Mtu anashika CD, anaitazama upande wa chini ule unaong'aa, anaona mikwaruzo, anaitupa. Nyingine ambayo chini ni safi kabisa, lakini juu imechubuka na imeandikwa jina kwa kalamu ya ncha ngumu, anaitunza vizuri. Mara nyingi inayotupwa ndiyo inayopona na inayotunzwa ndiyo inayokufa. Miziki mingi ya kwetu ya miaka ile, hasa taarab, kwaya na bendi ndogo za mikoani, imebaki kwenye diski hizi tu, kwa hiyo kosa hili linauma.

Tuanze na diski yenyewe. Upana wake ni sentimita 12 na unene ni milimita 1.2. Karibu unene wote huo ni plastiki angavu inayoitwa polikaboneti. Muziki hauko pale chini unapopagusa kwa kidole. Uko ng'ambo ya pili, kwenye uso wa juu wa hiyo plastiki. Kiwandani wanagandamiza vishimo kwenye uso huo, wanavifunika kwa utando wa alumini mwembamba mno, juu yake wanapaka vanishi, kisha ndipo yanakuja maandishi na picha ya msanii. Ile vanishi ina unene wa kama sehemu moja ya mia ya milimita. Piga hesabu mwenyewe: ukichuna kwa chini una milimita nzima na zaidi ya plastiki kabla hujaufikia muziki. Ukichuna kwa juu karibu hakuna kitu katikati.

Leza inaingia kutokea chini. Inapogusa plastiki mwale wake bado ni mpana, karibu milimita 0.8. Ukifika kwenye vishimo, lenzi imeshaukusanya ukawa nukta isiyofika maikromita 2 (maikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Ndiyo maana vumbi na mchubuko mdogo wa chini hauzuii kitu: ni kama dereva anayetazama barabara kupitia kioo chenye madoa, jicho limelenga mbali na doa halimzuii kuona gari linalokuja. Mwanga unapungua kidogo, basi.

Kipimo chepesi: inua CD uielekeze kwenye taa au dirishani. Ukiona matundu madogo yanapitisha mwanga, hapo alumini imeondoka na muziki wa sehemu hiyo umeondoka nayo. Hakuna dawa ya meno wala polishi itakayourudisha. Usipoona matundu, hata kama chini kumechakaa, una matumaini makubwa.

Nitaendelea kadiri maswali yatakavyokuja. Karibuni.

#2 Mdau wa Morogoro

Mkuu, ya mikwaruzo nimeyaelewa. Ila naomba unifafanulie, sauti ya mtu inageukaje kuwa vishimo? Chuoni tulifundishwa kishimo ni 0 na pasipo kishimo ni 1, mwalimu akapita haraka. Sijawahi kuridhika.

#3 Mwenye uzi

Ndugu wa Morogoro, umefanya vizuri kutoridhika, maana hiyo ya kishimo 0 na pasipo kishimo 1 siyo sahihi. Nitafika huko.

Sauti ni hewa inayosukumwa mbele na nyuma. Maikrofoni inaugeuza msukumo huo kuwa umeme unaopanda na kushuka. Kwa CD, umeme huo unapimwa mara 44,100 kila sekunde, kwa spika ya kushoto na ya kulia kila moja kivyake. Kila kipimo kinaandikwa kwa namba ya biti 16, yaani tarakimu 16 za 0 na 1, maana yake kuna ngazi 65,536 za kuchagua. Zidisha: 44,100 × 16 × 2 ni biti 1,411,200 kwa sekunde moja ya muziki. Huo ndio muziki wenyewe. Hakuna sauti iliyofichwa mahali pengine kwenye diski, ni namba tupu.

Sasa kwenye diski namba zinapangwa kwenye mstari mmoja tu unaozunguka kama konokono, ukianzia karibu na tundu la katikati na kuishia ukingoni. Santuri huanzia nje, CD huanzia ndani. Mzunguko mmoja na unaofuata umeachana maikromita 1.6, na ukiunyoosha mstari wote wa diski ya dakika 74 unapata zaidi ya kilomita 5.

Leza inapopita mahali tambarare mwanga unarudi mwingi. Inapopita kwenye kishimo unarudi hafifu. Sababu siyo kwamba kishimo ni cheusi. Nacho kimefunikwa na alumini ileile. Kina kimo cha karibu robo ya wimbi la leza hiyo likiwa ndani ya plastiki. Leza ya CD ina wimbi lenye urefu wa nanomita 780 hewani (nanomita ni sehemu ya elfu ya maikromita), na ndani ya polikaboneti wimbi hilo hujibana hadi kama nanomita 500, kwa hiyo robo yake ni kama 125. Nukta ya mwanga ni pana kuliko kishimo, hivyo sehemu yake inagonga kishimo na sehemu inagonga tambarare ya pembeni. Hizo mbili zinaporudi zimepishana nusu wimbi (robo kwenda, robo kurudi), moja ikiwa inapanda nyingine inashuka, zinauana. (Kwa leza inayotazama toka chini, kishimo hicho kwa kweli ni kinundu. Hesabu haibadiliki.)

Na sasa swali lako. 1 haiko kwenye kishimo wala kwenye tambarare. 1 ni ule mpaka, pale leza inapoingia kwenye kishimo au inapotoka. Sehemu yote isiyo na mpaka, iwe ndani ya kishimo au nje yake, ni mfululizo wa 0.

Hapo linazaliwa tatizo. Kimya kwenye wimbo ni kipimo cha sifuri, na sifuri zikifuatana hazina mpaka wowote. Diski ingekuwa laini mahali hapo, na kifaa kingepoteza hesabu kisijue zimepita sifuri 40 au 41. Kwa hiyo kila baiti ya biti 8 inabadilishwa kwanza kwa jedwali maalumu kuwa biti 14. Baiti ya sifuri tupu, 00000000, inaandikwa hivi kwenye diski: 01001000100000. Unaona, tayari ina mipaka mitatu. Jedwali lote limechaguliwa hivyo kwamba kati ya 1 na 1 hazipungui sifuri 2 wala hazizidi 10, na katikati ya kila kundi na jingine zinawekwa biti 3 za kuunganisha ili sharti lisivunjike kwenye maungio. Matokeo yake kishimo kifupi kabisa kina urefu wa biti 3, kama maikromita 0.83, na kirefu kabisa biti 11, kama maikromita 3. Kingekuwa kifupi zaidi, nukta ya leza isingekiona. Kingekuwa kirefu zaidi, saa ya kifaa ingepotea. Aliyebuni jedwali hili ni Mholanzi Kees Immink, alipokuwa Philips, na mimi naona ni moja ya kazi safi kabisa za uhandisi wa karne iliyopita.

#4 Mdau wa Morogoro

Asante sana mkuu, sasa nimeshiba. Moja la haraka: kwa nini 44,100? Kwa nini isiwe 40,000 kamili au 50,000?

#5 Mwenye uzi

Sikio la binadamu linaishia karibu herzi 20,000, na ili kuirudisha sauti ya kasi fulani lazima uipime zaidi ya mara mbili ya kasi hiyo. Kwa hiyo 40,000 ingebana mno, kichujio kinachokata sauti za juu ya hapo kingekosa nafasi ya kufanya kazi. Lakini ile 100 ya mwisho ilitoka kwenye kanda za video. Mwishoni mwa miaka ya 1970 chombo pekee kilichopatikana kwa urahisi chenye uwezo wa kubeba namba nyingi hivyo kilikuwa mashine ya kurekodi video, wakawa wanaziandika namba kama picha. Vipimo 3 kwa kila mstari, mistari 245, mara 60 kwa sekunde: 44,100. Kwa mfumo wa televisheni wa Ulaya, vipimo 3, mistari 294, mara 50: tena 44,100. Ilikubali pande zote mbili. Sony na Philips walipokubaliana viwango vyao mwaka 1980 wakabaki na hiyo, na kifaa cha kwanza, CDP-101 cha Sony, kikaingia sokoni Japani tarehe 1 Oktoba 1982.

#6 Mdau wa Mwanza

Mimi bado niko kwenye mikwaruzo. Nina CD ina mstari mkubwa umeikata toka katikati hadi ukingoni, nauona kwa macho, na inapiga bila kukwama. Nyingine ina alama ndogo tu imejipinda kufuata duara, inarukaruka wimbo wa tatu kila siku. Naomba ufafanuzi wa hili.

#7 Mwenye uzi

Mkuu wa Mwanza, swali lako ndilo moyo wa jambo lote.

Namba za muziki haziandikwi kwenye diski kwa mpangilio ule wa wimbo. Zikiandikwa hivyo, mkwaruzo mmoja unakula kipande kizima cha sauti. Kwanza zinachukuliwa baiti 24 za muziki, yaani vipimo 6 vya kushoto na 6 vya kulia, zinaongezewa baiti 8 za ukaguzi. Fungu kama hilo kwenye diski linaitwa fremu. Baiti za ukaguzi zinatokana na hesabu iliyotungwa mwaka 1960 na Wamarekani Irving Reed na Gustave Solomon. Hesabu hiyo ina uwezo wa ajabu: baiti chache zikipotea, kwa kutumia zilizobaki unazipata zilizopotea kamili. Siyo kwa kukisia, ni namba ileile iliyoandikwa studio.

Halafu baiti hizo zinatawanywa. Zilizokuwa jirani kwenye wimbo zinapelekwa mbali mbali kwenye mstari, zikienea kwenye fremu zaidi ya 100. Kila fremu ina urefu wa kama milimita 0.17 kwenye diski, kwa hiyo majirani hao wametandazwa kwenye karibu sentimita mbili za mstari. Leza inaposoma, kifaa kinazikusanya na kuzirudisha kwenye safu yake ya awali. Mkwaruzo uliokula sehemu moja nzima unageuka, baada ya kupangwa upya, kuwa baiti moja moja zilizokosekana huku na huku, na hizo hesabu ya Reed na Solomon inazirudisha.

Kwa mpango huu CD inavumilia pengo la karibu milimita 2.5 kwa kufuata mstari bila kupoteza hata biti moja. Sasa tazama diski zako mbili. Ule mkwaruzo mrefu uliotoka katikati kwenda ukingoni unaukata kila mzunguko kwa upana wake tu, labda sehemu ya kumi ya milimita. Ni mapengo maelfu, lakini kila moja ni dogo na linazibwa. Ile alama ndogo iliyojipinda inalala juu ya mstari uleule kwa milimita nyingi mfululizo. Hapo baiti za ukaguzi zinazidiwa. Kifaa kinajaribu kukadiria kipimo kilichokosekana kwa kutazama cha kabla na cha baada yake, na hilo likishindikana kinanyamazisha sauti. Mbaya zaidi, leza yenyewe inaweza kupoteza njia na kurukia mzunguko mwingine. Huko ndiko kurukaruka kwako.

Ndiyo sababu CD inafutwa kwa kwenda moja kwa moja kutoka katikati kuelekea nje, kwa kitambaa laini cha pamba. Anayeifuta kwa kuzungusha duara anachora mikwaruzo ya ile aina mbaya.

Na gharama ya ulinzi huu siyo ndogo. Muziki ni biti 1,411,200 kwa sekunde, lakini zinazopita chini ya leza, pamoja na ukaguzi, jedwali la 14 na alama za kuanzia fremu, ni 4,321,800. Karibu theluthi moja tu ndiyo muziki.

#8 Fundi wa Mombasa

Asalaam aleikum wote. Ndugu yangu mwenye uzi, kazi nzuri. Mimi ni fundi wa redio na deki, naongeza upande wa lenzi kwa kuwa wateja wangu wengi hulaumu CD ilhali shida ni deki.

Ile lenzi ndogo mnayoiona mkifungua mfuniko haijakaa imara. Imening'inizwa kwa nyaya nyembamba na ina koili na sumaku pembeni, inapanda, inashuka, inakwenda kulia na kushoto bila kupumzika. Sababu ni kuwa diski ikizunguka hupandapanda kwa sehemu za milimita, nayo fokasi yavumilia maikromita chache tu. Kifaa hujuaje kimetoka fokasi? Mwanga unaorudi hupitishwa kwenye lenzi ya mviringo wa upande mmoja, kisha huangukia kipokeo kilichogawanywa vipande vinne. Fokasi ikiwa sawa, doa la mwanga ni duara na vipande vyote vinne vyapata sawasawa. Diski ikisogea karibu, doa lageuka yai lililolalia upande mmoja. Ikisogea mbali, yai lalalia upande wa pili. Koili yasukumwa kulingana na hilo. Kwa kufuata mstari, vifaa vingi hutumia miale miwili ya pembeni: mmoja ukipata mwanga zaidi ya mwenzake, lenzi husogezwa.

Mota nayo haizunguki kwa mwendo mmoja. Mwanzo wa diski ni kama mizunguko 500 kwa dakika, mwisho kama 200, ili mstari upite chini ya leza kwa kasi ileile. Mwendo ukiyumba kidogo sauti haiharibiki, kwa kuwa namba hukaa kwanza kwenye bafa, yaani hifadhi ya muda, na kutolewa kwa saa ya kioo cha kwatzi.

Huku pwani chumvi na moshi wa jikoni hukaa juu ya lenzi. Kijiti cha pamba na spiriti safi kidogo, guso jepesi mno, kisha subiri ikauke. Deki nyingi hupona hapo. Nawaomba msiguse kile kiskurubu kidogo cha nguvu ya leza. Wengi hukikaza CD ikapiga wiki chache, kisha diodi inayotoa leza ikafa kabisa. Na msichungulie lenzi ikiwa inawaka. Mwanga wake hauonekani vizuri kwa macho lakini jicho unaliumiza.

#9 Mwenye uzi

Waaleikum salaam fundi, ahsante sana. Hayo ya kiskurubu nayaunga mkono kwa mikono miwili.

#10 Mdau wa Dodoma

Wakuu, nimechoma nyimbo kwenye CD kwa kompyuta, inapiga kwenye laptop, kwenye gari inaandika tu kwamba hakuna diski. Shida ni redio ya gari?

#11 Mwenye uzi

Huenda redio haina kosa. Angalia mambo haya kwa utaratibu.

Kwanza soma kasha: ni CD-R au CD-RW? CD-RW inarudisha mwanga asilimia 15 hadi 25 tu, wakati CD ya kiwandani inarudisha 70 au zaidi. Redio nyingi za zamani haziwezi kuiona. CD-R iko karibu zaidi na ya kiwandani. Haina vishimo, ina rangi maalumu ambayo leza ya kuchomea inaiunguza na kuacha alama zinazorudisha mwanga hafifu kama kishimo.

Pili, je, uliifunga diski ulipomaliza kuchoma? Orodha ya nyimbo hukaa mwanzoni kabisa mwa diski, karibu na katikati, na bila kuifunga haiandikwi. Kompyuta inavumilia, redio haivumilii.

Tatu, ulichoma kama CD ya sauti au uliweka mafaili ya MP3? Hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa. CD ya sauti ya dakika 80 ni dakika 80. CD ya MP3 za kilobiti 128 inabeba muziki wa karibu saa 12, kwa kuwa MP3 inatupa sehemu kubwa ya sauti ambayo sikio halitarajiwi kuisikia, lakini redio lazima iwe na prosesa ya kuifungua. Kama redio haina alama ya MP3 usoni, choma upya kama CD ya sauti, kwa kasi ya chini.

Na usiiache kwenye dashibodi. Ile rangi ya CD-R haipendi jua wala joto.

#12 Dada wa Tanga

Samahani kaka, nimesoma uzi wote. Nina kasha la CD za kwaya yetu ya parokia, nyingi zilichomwa na mtu kwenye kompyuta, hazina nakala popote. Chache zina madoa kama ukungu wenye matawi matawi ndani ya utando. Waimbaji kadhaa wameshafariki na sauti zao ziko humo. Nifanyeje?

#13 Mwenye uzi

Dada, pole sana, na ahsante kwa kuyatunza. Anza leo, usingoje wikendi.

Hayo madoa yenye matawi yanaweza kuwa kuvu kweli. Mwaka 2001 watafiti wa Hispania walieleza kuvu jamii ya Geotrichum iliyokula alumini na plastiki ya CD iliyotoka Belize, nchi ya joto na unyevu kama Tanga yenu. Inaingilia ukingoni na kutambaa kuelekea ndani. Kwa kuwa muziki huanzia katikati, nyimbo za mwanzo mara nyingi huwa salama wakati za mwisho zimeshaliwa.

Tenga zenye madoa zikae mbali na nzima. Katika kunakili, za kuchomwa zitangulie zile za kiwandani, maana rangi yake inafifia hata ndani ya kabati. Zioshe kwa maji safi na tone la sabuni ya vyombo upande wa chini tu, ukifuta toka katikati kwenda nje. Upande wa juu usiusugue, na usibandue lebo ya karatasi kama ipo, itaondoka na utando unaorudisha mwanga.

Kisha nakili kwa kompyuta. Kwenye Windows tumia programu ya Exact Audio Copy, kwenye Linux kuna cdparanoia. Uzuri wake ni kwamba hazisomi mara moja na kuridhika. Palipo na shaka zinarudia kusoma tena na tena hadi majibu yafanane, na mwisho zinakuonyesha mahali zilipokwama. Hifadhi kwa FLAC, siyo MP3. FLAC inapunguza ukubwa hadi kama nusu na bado kila namba inarudi kama ilivyokuwa kwenye diski.

Diski ikigoma, usiilazimishe kwenye drive hiyohiyo. Azima nyingine, hata ya DVD ya kompyuta ya mezani ya zamani. Drive hazilingani kabisa kwa uvumilivu; nimeona diski iliyokataliwa na tatu ikasomwa yote na ya nne. Ikisoma nyimbo chache tu, chukua hizo chache kwanza uzihifadhi sehemu mbili, ndipo urudi kupambana na zilizobaki.

Ukikwama popote andika hapahapa, taja aina ya drive na ujumbe unaouona kwenye skrini. Kama kuna mdau yupo Tanga mwenye drive ya ziada, naomba ajitokeze.

#14 Mdau wa Tanga

Nipo Chumbageni, nina mbili za nje za USB. Dada, nitumie ujumbe, nakuletea zote.